Pampu ya Oili ya Pikipiki ya Shemeji

Chiungutwa,
9 Julai.

Dada Mabel,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili, na natumaini wewe na Yuster hamjambo hapo Chidya kwa Mama Mkubwa. Goti la Mama limepungua uvimbe, sasa anakwenda kanisani kwa miguu yake. Mikorosho imeanza kutoa maua, na kila asubuhi watu wananiletea mashine za kupulizia salfa, kila mmoja akitaka yake itengenezwe kwanza. Naandika kwa sababu simu za kwetu hupokei, wala sikulaumu.

Habari yenyewe ni ya pikipiki ya mumeo. Najua hutaki kuisikia, lakini soma mpaka mwisho.

Shemeji Ladislaus alipoinunua, ikiwa imetumika tayari, watu wa Newala walikuja kuiangalia kama harusi. Silinda moja, ujazo wa cc mia na ishirini na tano tu, lakini ina nguvu za farasi karibu thelathini, gia sita, inapozwa kwa maji, na uzito wake haufiki kilo mia na thelathini. Injini yake ni ya mipigo miwili. Hiyo hailainishwi kama ya bodaboda. Oili inaingia pamoja na petroli na kuungua nayo. Aliniletea mimi niikague, maana huku injini za namna hiyo tunazijua kwenye mashine za salfa tu. Sisi tunachanganya oili na petroli kwa mkono, kwenye dumu. Pikipiki ile ina tangi dogo la oili chini ya kiti, na pampu inayochanganya yenyewe.

Yaliyofuata unayajua. Mdogo wetu Huruma aliiazima, akajaza petroli Newala, akaanza kuteremka kuja huku. Injini ikakamata, ikagoma kuzunguka, gurudumu la nyuma likajifunga, akaanguka. Miaka ishirini na miwili. Msibani ukoo mzima ulisema Ladislaus amempa mtoto pikipiki mbovu, na aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi. Ulipobeba nguo zako ukamwacha, nilikusifu.

Jumanne Ladislaus alikuja na ile injini ndani ya gunia la korosho. Amekonda mpaka shati linamvuka. Aliniomba niifungue nimwambie ni nini kilichomuua Huruma, kwa sababu yeye amefikiri miezi minane na bado hajui alikosea wapi. Akakaa pembeni kunitazama.

Dada, mimi nilijua kabla sijashika spana. Pampu ile niliikata kwa mikono yangu. Sikuiamini. Nilichomoa mpira wake wa oili, nikauziba kwa skrubu, nikachanganya oili kwa mkono kama nilivyozoea, tangi moja tu. Nilipaswa kumwambia kwamba tangu hapo kila akijaza petroli achanganye mwenyewe. Lakini siku aliyokuja kuichukua alinicheka mbele ya wateja, akaniita fundi wa vumbi. Basi nikanyamaza. Nilisema moyoni, acha imzimikie njiani, atarudi kuniomba. Huruma sikumfikiria hata kidogo.

Jumanne niliificha skrubu kiganjani, nikamwambia pampu ilikufa yenyewe kwa uzee na hakuna ambaye angejua. Alilia. Akanishika mkono ule ule wenye skrubu, akanishukuru, akaniomba nikuandikie, kwa kuwa mimi ni fundi na utaniamini, kwamba hakuwa na kosa.

Nimekuandikia. Hakuwa na kosa. Barua hii umpe Ladislaus aisome mwenyewe, kisha mpelekee Mama, maana mimi mdomo umenishinda mara mbili.

Mama Mkubwa mpe shikamoo yangu, na Yuster mwambie baba yake anamuulizia. Mimi mwenyewe usinirudishie salamu.

Mdogo wako,
Gerson