Kiwanja Chako na Ule Moto

Nyumbani, chini ya kilima,
Jumapili, 9 Februari.

Mpendwa kaka yangu,

Pokea salamu nyingi huko kwenye baridi yako. U mzima? Kile kikohozi kimepona, au bado unakohoa na kusema ni vumbi? Kazi je? Sisi huku hatujambo. Mama hajambo. Shemeji yako hajambo, anazidi kunenepa na kumlaumu fundi wa mashati yake, ambaye ni mimi mkewe. Nyumba nayo haijambo. Nimeitaja pamoja na watu kwa sababu wiki hii ilikuwa mahututi, nusura tuizike.

Najua umeshapigiwa simu ukaambiwa kisiwa kizima kimeungua. Wapuuze hao. Kimeungua kilima, tena upande mmoja, na hakuna aliyeumia ila shemeji yako, aliyejikwaa kwenye ndoo yake mwenyewe. Lakini humo ndani kuna jambo linalokuhusu wewe, na nataka ulisikie kwangu. Kaa kitako.

Ilianza Jumatatu. Unajua mvua zilivyotukimbia mwaka huu, majani ya kule juu yalikuwa makavu ukiyakanyaga yanalia. Tukaona moshi mwembamba, tukasema kuna mtu anasafisha shamba. Kesho yake nilikuwa barazani nashona mashati meupe ya wanafunzi, mara naona vidoa vyeusi vinatua kwenye kitambaa. Nikadhani nzi. Nikafukuza, vikapakaa. Kumbe majivu! Kaka, nilikasirika kama nimetukanwa. Nikabeba cherehani nikaingia ndani.

Ajabu ni jinsi binadamu anavyozoea. Siku ya kwanza watu wote walisimama barabarani mikono kichwani. Siku ya tatu wametoa viti. Moto unashuka taratibu kilimani, mstari mwekundu tu, na watu wanautazama huku wanakunywa chai na kubishana utapitia wapi. Jirani yetu muuza mkaa alikuwa anasikitika peke yake: "Mkaa wote ule unapotea bure!" Mimi nilicheka na wengine, lakini nilipoingia ndani kuwasha taa nilianza kutafuta masanduku.

Nilimwambia shemeji yako tuhame. Akanijibu, "Twende wapi mama watoto? Kisiwa hiki ukikimbia sana unalowa." Huyo ndiye mume uliyenipa baraka zako nikaolewa naye.

Alhamisi asubuhi watu wa zimamoto walipita nyumba hadi nyumba wakitutaka tufungashe vitu muhimu. Mimi nikafunga cherehani na vitambaa vya watu. Mama hakufunga kitu. Alichukua ufagio. Akafagia vyumba vyote, akapiga deki, akatandika vitanda hadi kile chako, akapanga sufuria kwa ukubwa. Nikamuuliza, "Mama, unaupigia deki moto?" Akasema, "Ukiingia uingie. Lakini usikute kwangu kuchafu." Mkuu wa zimamoto alisimama mlangoni na mabuti yake akashindwa kupita, kwa kuwa sakafu ilikuwa bado mbichi na Mama alikuwa anamtazama miguuni.

Sasa nakuja kwenye lako.

Unakumbuka siku unaondoka ulimwambia nini Mama? Ulisema, "Kiwanja changu mtu asikiguse mpaka nirudi." Sisi wengine tulijua unamaanisha majirani wasimege mpaka. Mama alisikia vile vile ulivyosema. Miaka tisa, kaka! Haujakatwa ukoka humo. Shemeji yako alichukua panga mara ngapi akafyeke, Mama anamuuliza, "Ametuma neno?" Anarudisha panga. Mbuzi wa watu wakiingia anawatoa kwa mawe. Vichaka vikapita kimo cha mtu, msingi mliojenga na marehemu baba ukamezwa wote, shemeji yako akawa anasema ukirudi utamkuta simba amepanga humo na analipa kodi kwa Mama.

Basi kiwanja hicho ndicho kipo kati ya kilima na nyumba yetu. Mkuu wa zimamoto alikitazama, akatazama kilima, akauliza ni cha nani. Akasema gari lake la maji ni moja na nyumba za kulindwa ni nyingi. Moto ukishaingia kwenye kichaka kile, nyumba ya Mama ndiyo ya kwanza, na zile nne za nyuma yake zitafuata. Njia ilikuwa moja tu: tukichome sisi wenyewe mapema, upepo ukiwa umetulia, ili moto wa kilimani ukifika ukose cha kula.

Wote wakamgeukia Mama. Hata muuza mkaa.

Mimi nikasema, "Mama, kaka hatakasirika." Akanijibu kwa ukali ambao sijausikia tangu utotoni, "Wewe umejuaje? Umemuuliza?" Nikakupigia simu pale pale. Haikupatikana. Nikapiga tena. Sikulaumu, najua ulikuwa kazini, lakini ujue tu kwamba siku ile tulikutafuta.

Mama aliniangalia nikishusha simu. Akaingia ndani akatoka na kiberiti cha jikoni. Shemeji yako akanyoosha mkono apewe, akanyimwa. "Aliniachia mimi," Mama akasema, "si wewe." Wanaume wakamwaga maji kwenye mpaka wa upande wetu, zimamoto wakajipanga na mpira wao wa maji, na mama yetu akainama akawasha mwenyewe. Njiti ya kwanza ilizimika. Ya pili ilishika. Kisha akarudi nyuma, akakaa kwenye ngazi ya jikoni, akalia. Hakujificha, hakufuta machozi. Nikakaa naye. Moyo uliniuma, kaka, sitakudanganya.

Kichaka kiliondoka upesi kuliko tulivyotegemea. Moto wa kilimani ulipofika jioni, ulizunguka pembeni, ukaramba ukuta wa choo chetu cha nje, ukafa. Nyumba tano zimesimama. Shemeji yako anajitangaza kuwa ndiye aliyeuzima, na ndoo iliyomwangusha anayo kama ushahidi.

Jana majivu yalikuwa yamepoa, nikaenda na Mama na shemeji yako kuangalia. Kaka, msingi wako wote uko wazi! Mawe yamekuwa meusi, lakini hakuna lililohama. Mama alishangaa sana. Siku zile mnajenga alikuwa anamuuguza shangazi, akarudi akakuta safu za mawe tu, na wewe ukaondoka hujamweleza vyumba. Mimi ndiye niliyeshika kamba mkipima, kwa hiyo nikamtembeza. Hapa sebule. Hapa utalala wewe. Hapa jiko. Akafika kwenye kile chumba cha pembeni akauliza, "Na hiki cha nani?"

Nikamwambia, "Chako, Mama. Kaka alitaka mlango uelekee huku kwenye jiko lako la zamani, usipigwe na jua ukienda na kurudi."

Alisimama pale ambapo mlango ungekuwa, akavua ndala zake, akaziweka nje sambamba, akaingia. Nikamwambia atachafua miguu kwa majivu. Akasema, "Niache, niko chumbani kwangu." Shemeji yako alikuwa na utani mdomoni, nikamwona anaumeza.

Leo baada ya chakula amenituma nimpelekee kiti huko. Yuko humo sasa hivi ninavyoandika, anachambua mchele, kuta hana, dari ni mawingu. Majani yakichipua amesema atayang'oa mwenyewe, hangoji neno la mtu. Lakini kila gari likipunguza mwendo barabarani, anainua kichwa.

Shangazi anakusalimu, ana nguvu siku hizi. Muuza mkaa anakusalimu, na anakushukuru kwa visiki alivyopata kiwanjani. Watoto wangu wanamsalimu mjomba wao wanayemjua kwa picha. Mungu akulinde huko uliko, akuondolee kikohozi, akufungulie njia.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye siku zote, yule uliyemfundisha baiskeli ukamwachia kwenye mteremko.

Nyongeza: Nimemsomea Mama barua yote. Amesema nimeandika mengi mno, na kwamba yeye alikuwa na machache tu. Nayaandika alivyoyasema: "Mwanangu, kiwanja nimekigusa. Sasa rudi."