Sufuria la Igogo

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Huku Nyegezi hatujambo. Shangazi yako kikohozi kimemwacha, na yule mbuzi wako amezaa mapacha.

Umeniuliza kwa nini siuzi lile sufuria kubwa, wakati napika chakula cha mtu mmoja. Lile si langu. Ni la mtaa wetu wa zamani kule Igogo. Wanawake tulichanga, tukalinunua la kupikia misibani.

Nyumba zetu zilipopigwa X nyekundu, tuling'oa mabati wenyewe kabla tingatinga halijafika, kila mtu akatafuta pa kwenda. Mimi na babu yako ndio tuliokuwa tunahamia mbali kuliko wote. Nikasema sufuria libaki kwa jirani yangu Mama Bhoke, aliyepata chumba Mabatini, karibu na wengi. Akakataa kabisa. Akalipakia mwenyewe kwenye mkokoteni wetu.

"Likikaa kwangu, nani atakumbuka njia ya huko porini kwenu?" akasema. "Ondoka nalo. Tutalifuata."

Na kweli, kila msiba wanalifuata. Hawaondoki bila kunywa chai na kunipa habari zote, nani kaoa, nani kajifungua. Nyumba ilikwenda, Neema, lakini watu Mungu aliniachia, na sichoki kumshukuru.

Alipofariki babu yako, walikuja wote. Siku hiyo hawakuja kulichukua sufuria. Walikuja na kuni.

Bibi yako anayekuombea