Kabla ya Kutia Saini Nyumba ya Isevya

Kitete, Tabora
Alhamisi, 13 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Getruda,

Shikamoo, shangazi. Baridi ya Songea imekufanyaje mwaka huu? Najua mwezi kama huu magoti hayakupi nafasi. Dawa ya kuchua niliyompa Marko akuletee uliipata? Na yeye mwenyewe, mkono umepona? Mwambie asikimbilie kubeba magunia.

Huku miili ni mizima. Watoto wanakwenda shule, Festo yupo kazini kwake, nami bado natunza stoo ya chama cha tumbaku. Ningekupigia simu, lakini vyumba hivi viwili vya kupanga havina siri, na jambo hili sitaki Festo alisikie tena kinywani mwangu.

Jumamosi tunakabidhiwa ile nyumba ya Isevya. Unajua tunainunua kwa fedha gani: ni sehemu yangu ya shamba la baba la Kigwa, pamoja na akiba yote ya Festo. Ikipotea hii, shangazi, hakuna kingine cha kuuza.

Nimejiandaa kama nilivyozoea. Nakala za vitambulisho zipo, picha zipo, bili ya maji nimehakikisha imelipwa. Wakili atakuja, mwenyekiti wa mtaa atakuja. Ulivyonisihi, majina yetu mawili yataandikwa, kwa hiyo na mimi nitatia saini. Pamoja na hayo yote, bado kuna jambo.

Jumapili tulikwenda kuonyeshwa mipaka, na majirani waliitwa washuhudie. Mmoja wao ni Mzee Lukumani, fundi cherehani, Mzaramo, mtani wetu. Alipotuona tu akaanza utani wake. Maneno yake niliyaandika kwenye shajara jioni ile ile, kwa hiyo nakupa kama yalivyotoka:

"Wanyamwezi bwana! Babu zenu walibeba mizigo ya watu mpaka Bagamoyo, na nyie leo mmejitwisha nyumba ya watu! Mwenye mzigo yuko Bukene, ataufuata!"

Festo naye hakumwacha. "Nyamaza, Mzaramo! Ukifa tunakuzika na cherehani chako, ukawashonee mashetani kaptula!"

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akashika kiuno. Damas, anayetuuzia, alicheka kuliko wote, kisha akatuharakisha kwenye jiwe la mpaka wa pili. Mimi neno Bukene lilinikaa kifuani. Mtu akitania hutaja mizigo, hutaja kaburi. Bukene ya nini?

Jumanne nilichukua gauni la kupunguza, nikaenda kwa mzee peke yangu. Nikamwambia, "Baba, leo utani tuuweke pembeni." Hakuinua macho kwenye kitambaa.

"Nyumba ile aliijenga marehemu baba yao," alisema. "Watoto ni wawili. Suzana ameolewa Bukene."

Basi nikakumbuka muhtasari wa kikao cha familia aliotuonyesha Damas. Kuna jina lake na majina ya baba zake wadogo wawili. La Suzana halimo. Tulipouza shamba la Kigwa, shangazi, kaka zangu walinisubiri siku nzima nifike ndipo wakashika kalamu. Huyu dada hajui hata kama nyumba ya baba yake ina mnunuzi.

Nikamwomba mzee aje Jumamosi aseme wazi. Hapo ndipo aliposimamisha cherehani.

"Mama, Damas ni jirani yangu. Nikibanwa na pumu ndiye anayenipeleka hospitali. Ruhusa niliyonayo ni utani, na nimeshaitumia, mbele ya mwenyekiti na mbele ya mumeo. Mlicheka."

Nililipia gauni nikatoka.

Nimemweleza Festo mara mbili. Mara ya kwanza alicheka: "Mzaramo akikwambia mchana ni usiku, nawe unatandika kitanda?" Mara ya pili hakucheka. Alisema Damas wanaimba naye kwaya moja, na kwamba nikilianzisha jambo hilo mbele ya watu nitakuwa nimemwita mwenzake mwizi. Aliniambia nikae nitie saini kama mke mwenye adabu. Tangu hapo tunazungumza habari za watoto tu.

Siwezi kumtafuta Suzana. Namba yake sina, na nikimuuliza mtu wa ukoo wao, Damas atajua kabla sijafika nyumbani. Hivyo kilichobaki ni kusema mwenyewe, pale pale, kalamu itakapoletwa kwangu: kwamba sitii saini mpaka dada yake aitwe. Nimelisema peke yangu stoo, kwa sauti, katikati ya magunia. Linatoka vizuri kabisa.

Barua hii haitakufikia kabla ya Jumamosi. Sikuandikii ili unizuie wala unisukume. Nataka awepo mtu mmoja anayejua kwamba nilijua. Naogopa mahakama, naogopa kufukuzwa pamoja na watoto kwenye nyumba tuliyolipia, naogopa uso wa Festo. Lakini hofu inayoninyima usingizi ni nyingine. Naogopa kwamba nitakaa pale, wote wakinitazama, wakili ananionyesha mstari, na nitatia saini.

Nisalimie Marko na mkewe, nisalimie Advera, na wale pacha wake uwabusu kwa niaba yangu. Watoto wanakuamkia. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe joto mifupani na amani kila unapolala.

Ni mimi mwana wa kaka yako, nikupendaye siku zote,

Recheli