Sikio la Kushoto

Jumanne, 3 Machi 2015. Louisville
Alfajiri tena. Kahawa, buti, ukungu juu ya mto. Tumepakia vifurushi vya Columbus na Buffalo. Kepteni Dale kiti cha kushoto, mimi kulia. Juu ya mawingu hakuna kitu, weupe tu, kama dunia imefunikwa ikaambiwa ilale. Naipenda saa hiyo kuliko kanisa. Mungu anisamehe.

Sikio la kushoto linalia. Linalia tangu nilipokuwa fundi wa helikopta jeshini. Nimezoea.

Ijumaa, 6 Machi. Buffalo
Leo nimeogopa.

Tulikuwa tunashuka juu ya ziwa. Barafu chini, mbingu juu, rangi moja. Mara ziwa likapanda. Likazunguka taratibu, kwa upole kabisa. Vipimo vilisema tuko sawa. Mwili ulisema tunaanguka. Nikamwambia Dale, "Shika wewe." Akashika. Akatua mwenyewe. Nimetapika kando ya uzio.

Jumapili, 8 Machi. Buffalo
Nyumbani, mtaa wa Lower West Side. Mume wangu Bahati katoka zamu ya kiwandani. Kizunguzungu kimenikuta jikoni, nikashika meza. Bahati akaniona, akaanza na Kifaransa cha kwao.

"Bon. Uko na mimba?"

"Hapana. Ni sikio."

Akacheka. "Donc, kwa hiyo utaacha kurusha ndege?"

Nimeosha vyombo vilivyokuwa safi.

Alhamisi, 12 Machi. Gahanna
Nimechukua likizo ya ugonjwa. Niko kwa kaka yangu Mutua, kando ya Columbus, ndege zinapita juu ya paa lake. Naye alikuwa jeshini, goti likaharibika, anajua njia zote za kudai fidia ya ulemavu.

Wiki ijayo nina miadi miwili. Daktari wa madai ya wanajeshi wa zamani anataka kuona sikio, kwa dai la fidia nililopeleka mwaka jana. Daktari wa marubani anatakiwa kuhuisha cheti changu cha afya. Bila cheti sirushi.

"Huyu wa madai mwambie siku yako mbaya kabisa," Mutua kasema. "Yule wa ndege, uko fiti. Usijichome kwa mdomo wako, Mwende."

"Lakini ni sikio moja."

"Ni ofisi mbili."

Nimemkasirikia. Nilitaka sana kumsikiliza.

Jumanne, 17 Machi. Columbus
Daktari wa madai ni mama mpole. Nimemweleza yote: mlio, ziwa, jikoni. Akauliza sasa nafanya kazi gani. Nikamwambia. Akaweka kalamu chini.

Jioni nimetembea mpaka nikapotea. Miti haina majani bado. Kila kitu kilikuwa mbali, hata miguu yangu.

Alhamisi, 19 Machi. Louisville
Daktari wa marubani ni mzee, aliwahi kurusha, ananijua. Anauliza haraka haraka, akitegemea hapana. Kizunguzungu?

Hapana ilikuwa mdomoni tayari. Ndogo, tamu. Nikaiona mikono ya Dale ikishika usukani.

"Ndiyo," nikasema. "Hata hewani."

Akavua miwani. "Unajua siwezi kukupa cheti leo."

"Najua."

"Wengi hawaniambii."

Nimelia kwenye gari la kukodi hadi vioo vikaingia ukungu. Nimejichoma. Najivunia na najichukia.

Jumatano, 22 Aprili. Buffalo
Nalala sana. Naota narusha bila ndege, mikono mitupu, chini ziwa tupu lisilo na mwisho.

Dai limekubaliwa. Wamekiri kwamba sikio liliharibikia jeshini. Mutua alipiga vigelegele kwenye simu. Mimi nilikuwa kama mtu anayepongezwa msibani.

Wa cheti cha marubani wamesema tiba kwanza. Kisha miezi bila kizunguzungu, kisha watatazama upya. Hawakuahidi.

Jumatatu, 8 Juni. Buffalo
Dale kapiga simu. Dale hapigi simu.

Kasema mrithi wa kiti changu anaongea kuanzia Louisville mpaka Buffalo bila kumeza mate. Nimecheka, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kisha kasema, "Siku ile uliniambia mapema. Asante." Akakata.

Dawa zinanikausha mdomo. Kizunguzungu kimepungua. Mlio upo.

Jumamosi, 20 Juni. Buffalo
Nimefunga chumba nilichopanga Louisville na kuja na mizigo kwa basi. Njia ile ile, safari hii chini. Sikujua kuna mahindi mengi hivyo. Baada ya Columbus mtu alikuwa anapaka geti rangi ya bluu, peke yake, bila haraka. Nimemtazama mpaka akapotea. Nimesinzia, nimeamka, bado mashamba.

Bahati alinisubiri stendi, amevaa shati la kanisani. Tumekuja kwa miguu, yeye na begi kubwa, mimi na dogo. Mama Furaha wa nyumba ya chini, anayeongea kama watu wa kwao Bahati, alikuwa ngazini anachambua mboga.

"Umekuya kukaa?"

"Niko hapa," nimesema.

Akasogea kidogo. Nimeketi nikachambua naye.