Gunia Kwenye Bomba la Moshi

Al Quoz, Jumatano

Siungi waya! Nilimwambia msimamizi wa kiwanda cha mikate mara tatu leo.

Tanuri la gesi la mikate liligoma kuwaka. Feni ya kutolea moshi ilizunguka vizuri, lakini swichi inayopima mvuto wake ilikataa kuruhusu gesi. "Yalla, haraka, Mwangi," alihimiza msimamizi, "unga waya uiruke hiyo swichi, mikate inasubiriwa."

Niliogopa kibarua changu cha ufundi kitaota nyasi. Hata hivyo nikapanda paani na jua lile kukagua bomba.

Ndani ya bomba la moshi nikakuta gunia. Waokaji walilisokomeza siku ya vumbi ili mchanga usiingie kwenye mikate, wakalisahau.

Ningeunga zile waya, moshi wote ungerudi ndani kwa wale waokaji sita.

Nilipoanza kushuka na gunia, msimamizi alinishikia ngazi.