Baba, Sasa Tunawaita Kila Asubuhi

Baba,

Nakuandikia nikiwa ofisini hapa Kitui, kwa sababu nyumbani Mama angeniuliza naandika nini. Kyalo anaondoka kesho. Amepewa ile kazi yako ya kutunza pampu, kule kule mashariki, kwenye kibanda kile kile ulicholala miaka yote. Kitinda mimba wako.

Ngoja nianze pale ulipotuacha, maana mengi hukuyaona.

Mwaka ule mvua ilinyesha vizuri. Tulikuwa tunaiomba kanisani kila Jumapili, na ilipokuja ndiyo iliyokumaliza. Madimbwi yalijaa, wachungaji wakanywesha mbuzi karibu na kwao, hakuna aliyekuwa na haja ya kuja mpaka pampuni. Ulipoteleza kwenye ngazi ya tangi ukavunjika nyonga, hapakuwa na mtu wa kukusikia. Aliyekukuta ni Mwendwa, dereva wa mradi wa maji, alipoleta dizeli, na ulikuwa umeshatutoka. Alituambia ulijikokota hadi kivulini. Sijawahi kumwuliza zaidi ya hapo. Nikianza kufikiria ulichukua muda gani kufika kwenye hicho kivuli, nasimama natafuta kazi ya mikono.

“Mimi siko peke yangu, niko na injini.” Ndivyo ulivyokuwa ukimjibu Mama akilalamika. Ukija nyumbani Migwani mwisho wa mwezi ulikaa mlangoni ukisugua mikono kwa majivu, usimshike mtoto yeyote ukiwa na harufu ya dizeli. Tulikucheka na injini yako. Mama hakucheka.

Siku tulipokuzika, wakubwa wa mradi walikuja. Mmoja akasema ulikuwa mfanyakazi mwaminifu. Mama, unamjua, hata ushuhuda kanisani humshinda. Alisimama, akawaambia: “Kama angekuwa ng'ombe wenu, mngekaa siku ngapi bila kumtafuta?” Kisha akaketi, akajifunika leso.

Baadaye redio za upepo zilikuja, zile za kuitana na kujibizana. Kila pampu ikapewa yake, na betri ya gari, na waya uliofungwa juu ya miti. Mimi nikaitwa kuziendesha, walisema sauti yangu inasikika vizuri. Kila asubuhi na kila jioni naita walinzi wa pampu mmoja mmoja, na kila mmoja anajibu kama ni mzima. Asipojibu asubuhi tunangoja jioni. Asipojibu jioni, gari linatoka. Hiyo ndiyo sheria.

Watu wanadhani ni kazi ya kukaa tu. Baba, nikishaachilia kile kitufe, kabla mtu hajajibu, redio inavuma kama mahindi yanayokaangwa. Ni muda mfupi sana. Ndani yake nakuona wewe kwenye ngazi. Kila mara. Kila mtu.

Aliyechukua nafasi yako alikuwa mzee Musyoka, shemasi. Tulimfundisha namna ya kujibu redioni, akakataa. Yeye alisema tu, “Ni museo, mwiitu wa Nzioka,” yaani kwa Kikamba, ni mzima, binti wa Nzioka, binti yako. Siku moja akanyamaza asubuhi na jioni. Gari likaenda, akakutwa anapika muthokoi, yale mahindi yake ya kukoboa, huku anaimba. Mbuzi walikuwa wamevuta waya. Mwendwa alinitania wiki nzima. Bwana Kilonzo, bosi wetu, hakutania. Alisema, “Mumbua, utatumalizia dizeli kwa hofu yako.”

Kwa hiyo utaelewa jinsi nilivyokuwa mwaka huu, mvua zilipoanza. Kulikuwa kumenyesha usiku kucha. Asubuhi nikamwita Musyoka, kimya. Nikaita wengine wote, wakajibu. Nikarudi kwake. Nikaita mpaka koo likakauka, nikanywa maji, nikaita tena. Nikajiambia ni mbuzi. Halafu nikakumbuka kwamba kukinyesha, mbuzi hawaji pale.

Nilienda kwa Bwana Kilonzo. Akaniambia ni betri, na mto umejaa, na sheria naijua mwenyewe, ningoje jioni. Si mtu mbaya, Baba. Alikuwa anaogopea gari na dereva. Nikashika mgongo wa kiti. Nikamwambia, “Baba yangu hakuwa hata na betri.”

Akachukua funguo mwenyewe, akamwita Mwendwa.

Mimi nilirudi kwenye redio. Sikujua kitu kingine cha kufanya, nikaendelea kuita. “Mzee Musyoka, gari linakuja. Mzee Musyoka, wamefika njia panda. Wamepita njia panda.” Ukweli sikujua walipofika. Nilikuwa nakisia tu, nasema chochote, kama mtu anayeongea na mgonjwa.

Walikwama mtoni mpaka maji yakapungua, wakavuka kwa miguu. Walimkuta amelala kizingitini. Nyoka, kifutu, alimuuma alfajiri alipoenda kufunga bomba, mguu ukavimba mpaka pajani. Alijikokota hadi mlangoni nguvu zikamwisha, na redio iko juu ya rafu. Walimbeba juu ya bati la mlango, wakamvusha mto. Daktari alisema kama wangengoja jioni, wangeleta maiti.

Nilimtembelea wodini. Nilidhani atazungumzia nyoka. Akanishika mkono akasema, “Nilikusikia siku nzima. Kila ukiniita nilikuwa nakujibu, ila wewe hukusikia.” Akasema alitaka kufunga macho mara nyingi, lakini nilikuwa nampigia kelele. Nilitoka nje, nikaegemea ukuta wa wodi, nikakulilia kile kilio nilichoshindwa kukitoa siku ile kaburini.

Wewe nani alikuita, Baba?

Musyoka ni mzima, anachechemea, amerudi kwa wajukuu wake. Nafasi ikabaki wazi, na Kyalo akaiomba bila kutuambia. Anasema anaijua injini ile kuliko wote, ulimfundisha wewe. Mama hakumkataza. Jana alimfungia unga na maharagwe, akamkata kucha za vidole kama mtoto mdogo, na mtu mzima yule akakubali kukaa akatwe. Baadaye Mama akanifuata jikoni, hakunitazama, akasema, “Utakuwa unamwita wewe?” Nikasema ndiyo. Akaendelea kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Naogopa, Baba. Sitakudanganya. Naogopa hata siku ambazo atajibu.

Sheria nimeomba ibadilishwe. Bwana Kilonzo amesema atalifikiria, na mimi sitaki kungoja afikirie. Nakuahidi hivi: nikimwita mwanao asubuhi asijibu, sitakaa mpaka jioni. Gari lisipotoka, nitatoka mimi, kwa lori, kwa punda, kwa miguu. Na mwana wa mtu mwingine yeyote, vivyo hivyo.

Pumzika sasa. Hii zamu niachie mimi.

Binti yako,
Mumbua