Kwa Mzee Lenzi, na Mistari Tuliyoifuta

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumanne ile ulipovua miwani, ukaikunja, ukamkabidhi Mama kana kwamba unakwenda kuoga tu. Tungependa kusema tumepoa. Hatujapoa, na sababu tutaieleza hapa hapa mbele za watu, maana wewe hukupenda mambo ya kufichaficha.

Mtaa mzima ulikuita Mzee Lenzi, kwa ile lenzi uliyoitundika shingoni na kusomea hata risiti za dukani. Kazi yako ilikuwa maandishi ya kale. Kwa miaka ishirini na mbili ulifuatilia waraka mmoja, maneno ya mama kwa mwanawe anayesafiri, ulionakiliwa zamani sana katika nchi tatu na kwa lugha tatu. Ulizilinganisha nakala zote tatu mstari kwa mstari. Na hukukubali kufasiri neno kabla hujawaendea wenye lugha yao, ukawauliza wanalitumiaje jikoni na kwenye ugomvi. "Kamusi haijawahi kugombana na mtu," ulikuwa ukisema. Wakikwambia umekosea, ulifuta, ukashukuru, ukaomba maji ya kunywa.

Mikono uliiosha kabla ya kushika karatasi, na chai ilipigwa marufuku kuvuka mlango wa chumba chako. Uliinywa umesimama kizingitini kama askari wa zamu, Mama akikusubiri na kikombe. Ulikuwa mpole kwa wageni na mkali kwetu tulipogusa meza. Kwenye harusi ya mwanao mkubwa ulifika watu wanakunja viti, eti ulibakiza ukurasa mmoja. Rasimu ya kwanza ya tangazo hili haikusema hayo. Mama ameyarudisha mwenyewe.

Ulipozidiwa na ugonjwa ulimwita binti yako, kitindamimba. Yeye ni katibu muhtasi. Miaka kumi na tisa amenyoosha barua za mabosi wanaoandika ovyo, tena bila wao kujua. Ukampa madaftari yako manane, yenye nakala zote tatu ulizozifasiri.

"Chapa kama ilivyo, mama," ukamwambia.

"Sawa, Baba. Wewe pumzika."

Alichapa miezi mitano, kila akitoka kazini na kila Jumapili, na mazishi yako yakapita katikati. Alipofika kwenye daftari la nakala ya tatu, ile uliyokwenda kuisoma ukiwa tayari unaumwa, moyo ulimwuma. Mwandiko wako ulitetemeka. Mstari mmoja umeandikwa mara mbili. Juu ya ukurasa yule mama wa waraka ana watoto watatu, chini ana watano. Sentensi inakatika katikati, na inayofuata inazungumza jambo jingine kabisa.

Akajua ni ugonjwa, au alidhani anajua. Hakutaka watu wakucheke, waseme mzee alikuwa ameishiwa. Basi akafuta mstari uliojirudia, akasawazisha hesabu ya watoto, akaziba mapengo kwa kutazama zile nakala mbili za kwanza. Alipomaliza alilia, jinsi kazi yako ilivyopendeza. Madaftari yalikuwa yameshaingiwa na mchwa. Kaka yake akayachoma nyuma ya nyumba, na sisi sote tulikuwepo tukitazama.

Wiki sita zilizopita rafiki yako wa maktaba alikuja kupitia kurasa kabla hazijakwenda kwa mpiga chapa. Alisoma, akarudi nyuma, akasoma tena.

"Ule mstari uliorudiwa uko wapi?" akauliza. "Marehemu alinisimulia habari zake kama mtu aliyepata mjukuu."

"Niliufuta, Mjomba. Ulikuwa umejirudia."

Akaweka kalamu chini. Akamweleza taratibu kwamba kosa la mnakili wa kale ndilo ulilokuwa ukilitafuta, kwa sababu kosa huonyesha nakala ipi imetoka kwa ipi, kama pua inavyomtaja mtoto ni wa ukoo gani. Ya tatu haikufanana na wenzake. Uliamini ndiyo kongwe kuliko zote. "Sasa umeisawazisha na zile mbili," akasema, "umeifanya mtoto wao."

"Si turudi kwenye karatasi yenyewe?" kaka akauliza.

Karatasi yenyewe haipo. Wenye nayo walikataa ipigwe picha, wakakuruhusu kuinakili kwa mkono tu. Masika yaliyofuata paa lao likavuja, na ndani ya sanduku la bati ilibaki rojo. Ulikuwa mtu wa mwisho kuisoma.

"Na madaftari?" rafiki yako akauliza.

Kaka akamwonyesha mahali alipoyachomea.

Tangu siku ile kitindamimba wako hali chakula kikamshuka. Amekaa na kalamu akijilazimisha kukumbuka, na sehemu kumi na saba zimemrudia. Anajua zipo nyingine. Hata katika hizo, hawezi kusema lipi lilikuwa kosa la mnakili wa kale na lipi la mkono wako uliokuwa mgonjwa. Hilo ndilo linalomtesa, na linatutesa sisi sote.

Mchapishaji alisema tuache kama kilivyo, nani atajua. Kaka naye alikuwa upande huo. "Tumwache mzee apumzike na jina lake."

"Jina lake lipi," Mama akasema, "kama kitabu si chake?"

Basi kitabu kinatoka mwezi huu, na ukurasa wa kwanza kauandika binti yako: "Nakala ya tatu nimeiharibu mimi, mwanawe, nikidhani namsitiri. Sehemu kumi na saba nimezionyesha. Nyingine sizijui. Mtu asiiamini." Rafiki yako alimwambia aongeze neno la kujitetea kidogo. Hakuongeza.

Utusamehe, Baba. Unakumbukwa na mkeo mpendwa. Mwanao mpendwa, fundi majokofu, na mkewe. Wajukuu zako wapendwa wanne. Rafiki yako mpendwa wa maktaba. Na kitindamimba wako mpendwa. Huyu aliomba neno "mpendwa" tusimwekee yeye. Mama amekataa.

Siku zetu zote tutakuwa nawe moyoni.